Jamaa Fanaka na Wenzake: Sinema Iliyochelewa Kuonekana

Mgala muue na haki yake umpe, walinena wahenga. Kila sherehe ya kuikumbuka enzi fulani ya sanaa huwa pia ni hukumu. Wako wanaotajwa na wako wasiotajwa, na wasiotajwa ni kana kwamba wanazikwa mara ya pili. Historia ya sinema ya Marekani haijaepuka mkasa huo. Akiulizwa mpenzi wa filamu ni enzi gani iliyoigeuza sinema hiyo, aghalabu atajibu bila kusita kwamba ni ile iliyoanza mwaka wa 1967 na kufikia ukingoni karibu na mwaka wa 1980. Atazitaja Bonnie and Clyde na The Graduate za mwaka wa 1967, Easy Rider ya mwaka wa 1969 na The Godfather ya mwaka wa 1972. Ataeleza jinsi kampuni kubwa za Hollywood zilivyokuwa zimedhoofishwa na televisheni, pamoja na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka wa 1948 uliozivunjia ukiritimba wa kumiliki kumbi. Ataongeza kwamba mwaka wa 1968 kanuni kongwe za maadili zilitupiliwa mbali, na mahali pake pakachukuliwa na utaratibu wa kuziainisha filamu kwa kuzingatia umri wa watazamaji. Hatimaye atawasifu vijana waliotoka katika shule za filamu, wakiwa na ndevu na kiburi cha ujana, wakapewa fedha na uhuru wa kusema walilotaka.

Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikirudiwa mara nyingi huwa na madhara sawa na uongo. Nusu ya pili ilipata ukumbi wake mwezi Oktoba mwaka wa 2011, wakati Hifadhi ya Filamu na Televisheni ya Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, chuo ambacho wengi hukiita UCLA, ilipoanzisha mfululizo wa maonyesho uliodumu hadi mwezi Desemba. Mfululizo huo uliitwa L.A. Rebellion: Creating a New Black Cinema, yaani Uasi wa Los Angeles: Kuiumba Sinema Mpya ya Watu Weusi. Filamu zilizoonyeshwa zilikuwa zimetengenezwa na wanafunzi Weusi waliopitia katika chuo hicho hicho tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadhi ya filamu hizo hazikuwa zimeonekana hadharani kwa muda mrefu mno. Miongoni mwa wasomi walioandaa kazi hiyo walikuwamo Allyson Nadia Field, Jan-Christopher Horak, Shannon Kelley na Jacqueline Stewart. Baada ya Los Angeles, filamu hizo zilizungushwa katika miji mingine, na mwaka wa 2015 zikafika hata London, katika jumba la Tate Modern.

Ni nini kinachomhusu mwanafunzi wa Kiswahili katika habari hizi za mbali? Jibu la kwanza ni dogo, na limo katika orodha yenyewe ya waongozaji. Kati ya majina kama Charles Burnett, Julie Dash, Larry Clark na Billy Woodberry, jicho la Mswahili halina budi kusimama ghafla mbele ya jina moja: Jamaa Fanaka. Hilo si jina la mtu aliyezaliwa Lamu wala Pangani. Mwenye jina hilo alizaliwa Jackson, katika jimbo la Mississippi, mwaka wa 1942, na wazazi wake walimwita Walter Gordon. Filamu yake fupi ya mwanzo, ya mwaka wa 1972, aliitengeneza chini ya jina hilo la kuzaliwa. Kisha akalivua kama mtu avuavyo nguo ya kuazima, akajivika maneno mawili ya Kiswahili.

Yeye mwenyewe aliyafasiri maneno hayo kuwa na maana ya kwamba kwa kushirikiana watu watafanikiwa. Mwanafunzi wa sarufi atatabasamu. Atasema kwamba katika maneno hayo mawili hakuna kiambishi cha nafsi, hakuna cha wakati, wala hakuna kihusishi kinachoyaunganisha. Jamaa ni nomino: watu wa ukoo mmoja, au katika mazungumzo ya mitaani, mtu fulani tu asiyetajwa jina. Fanaka nayo ni nomino ambayo kila mtoto wa Afrika Mashariki huikuta katika kadi za sikukuu, ikiwa imeandamana na heri. Yakiwekwa pamoja, maneno hayo hayatoi sentensi. Lakini itakuwa ni uchoyo kuishia hapo. Jina si sentensi. Jina ni dua. Mtu ambaye mababu zake walinyang'anywa majina yao na kupachikwa ya mabwana wao hana sababu ya kusubiri mpaka ajue upatanisho wa ngeli ndipo ajipe jina. Alichukua neno la ukoo na neno la mafanikio, akayaweka jirani, akayaacha yatafutane.

Wala Fanaka hakuwa peke yake. Los Angeles ya wakati huo ilikuwa imejaa maneno ya Kiswahili. Mwezi Agosti mwaka wa 1965, mtaa wa Watts uliwaka moto kwa muda wa siku sita baada ya polisi kumkamata dereva mmoja kijana Mweusi, na watu 34 wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake linatokana na matunda ya kwanza. Misingi saba ya sikukuu hiyo yote ina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. La kuzingatiwa ni kwamba wengi mno wa waliouzwa utumwani Marekani walitoka magharibi na kati mwa Afrika, si katika upwa wa Waswahili. Kwa hivyo Kiswahili hakikuchaguliwa kwa kuwa kilikuwa lugha ya nyanya zao. Kilichaguliwa kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja, na kwa sababu Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imekifanya kiwe sauti ya taifa linalojitawala. Kwao Kiswahili kilikuwa siasa kabla ya kuwa sarufi.

Katika mazingira hayo ndimo chuo kilimofungua milango yake. Baada ya shinikizo la wanafunzi, kulianzishwa mpango maalumu ulioongozwa na Elyseo Taylor wa kuwaleta katika idara ya filamu vijana Weusi, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wenye asili ya Asia, na Wenyeji Asilia. Walipewa kamera na kuambiwa warudi katika mitaa yao. Baadaye, mwalimu aliyewaathiri wengi alikuwa Teshome Gabriel, mzaliwa wa Ethiopia, ambaye kitabu chake kuhusu Sinema ya Tatu kilichapishwa mwaka wa 1982. Sinema ya Tatu ilikuwa wito uliotoka Ajentina mwaka wa 1969 kwa kalamu ya Fernando Solanas na Octavio Getino. Wito huo ulizikataa sinema za aina mbili: ile ya kiwanda cha Hollywood na ile ya msanii mmoja anayejitazama kitovu. Ulidai sinema ya tatu, ya watu wanaopigania ukombozi. Vijana hao walizitazama filamu za Amerika ya Kusini na za Ousmane Sembène wa Senegali, ambaye mwaka wa 1968, katika filamu ya Mandabi, aliiacha lugha ya mkoloni na kuwapa wahusika wake Kiwolofu.

Itafaa kukumbuka kwamba nje ya chuo kulikuwa na sinema nyingine iliyojiita ya watu Weusi. Baada ya Melvin Van Peebles kupata faida kubwa kutokana na filamu yake ya mwaka wa 1971, na baada ya Shaft ya mwaka huo huo kujaza kumbi, wenye mitaji waligundua kwamba hata senti ya Mtu Mweusi hununua. Zikamiminika filamu za majambazi, makuwadi na wauza unga. Vijana wa UCLA walijikuta kati ya moto na maji. Upande mmoja, Hollywood mpya iliyosifiwa kwa uhuru wake haikuwa na nafasi yao. Upande wa pili, nafasi iliyokuwapo iliwataka wajitukane kwa malipo.

Jibu lao linaonekana vizuri zaidi katika Killer of Sheep, yaani Mchinja Kondoo, ya Charles Burnett. Burnett alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka wa 1944, akakulia Watts. Filamu hiyo ilikuwa tasnifu yake ya shahada ya uzamili. Aliipiga siku za mwishoni mwa wiki kwa ukanda wa milimita 16, bila rangi, kwa gharama isiyofika dola 10,000, akaikamilisha mwaka wa 1977. Wengi wa waigizaji wake hawakuwa waigizaji kitaaluma. Mhusika mkuu, Stan, hufanya kazi katika kichinjio cha kondoo na hapati usingizi. Msomaji anayejua kwamba Wazungu huhesabu kondoo ili walale ataiona kejeli iliyomo: huyu kondoo amewahesabu mchana kutwa wakiwa wananing'inia kichwa chini.

Mwenye mazoea ya kutafuta msuko katika kila kazi ya fasihi atahangaika. Hakuna mgogoro unaopanda hadi kilele kisha ukashuka. Kuna watoto wanaorushiana mawe kando ya reli na wengine wanaoruka kutoka paa hadi paa, huku kamera ikiwatazama kutoka chini. Kuna binti mdogo aliyevaa kinyago cha mbwa. Kuna wanaume wawili wanaokuja kumshawishi Stan ashiriki katika mauaji, na mke wake, aliyeigizwa na Kaycee Moore, anayewatimua kwa maneno yenye makali kuliko kisu. Kuna Stan anayekataa kata kata kuitwa maskini, kwa hoja kwamba yeye huwapa wahitaji vitu, na asiye na kitu hawezi kutoa. Kuna kikombe cha chai ya moto anachokiweka shavuni, na katika joto lake akakumbuka mapenzi ambayo mwili wake hauna tena nguvu ya kuyatenda.

Tukio linalobeba falsafa ya filamu nzima ni lile la injini. Stan na rafiki yake wanatumia fedha chache walizo nazo kununua injini kuukuu ya gari. Wanaibeba kwa jasho wakishuka ngazi, hatua baada ya hatua, na hatimaye wanaiweka ukingoni mwa gari dogo la mizigo. Kidole kimoja kimeumia, nao wamechoka. Hawaisukumi ndani zaidi. Gari likiwa kwenye mteremko linang'oka, na injini inaanguka barabarani na kupasuka. Hakuna anayelia. Wanaitazama, wanaiacha, wanaondoka, na kamera iliyo nyuma ya gari inaionyesha ikizidi kuwa ndogo. Mtazamaji hahitaji kuhutubiwa kuhusu ubepari. Ameona jinsi jasho la wiki nzima linavyoweza kupotea kwa ukosefu wa nchi chache za nguvu, na jinsi waliopotewa walivyozoea kiasi cha kutoshangaa.

Ni hapa ambapo tofauti na Hollywood mpya inajitokeza. Waongozaji waliosifiwa wa miaka hiyo waliwaasi wazee wao lakini wakaendelea kumpenda shujaa, hata akiwa mhalifu. Jambazi wao hufa katika mvua ya risasi na kifo chake kinapendeza macho. Burnett hakumwasi shujaa. Alimwacha tu mlangoni. Aliweka mahali pake mtu anayekwenda kazini. Kwa wale wanaosoma fasihi ya Kiswahili na kujadili uhalisia darasani, hili ni somo kubwa. Si kila anayeandika juu ya wanyonge huwaonyesha. Wapo wanaowapanga mstari ili wathibitishe nadharia. Burnett hakuwatumia watu wake kuthibitisha neno lolote.

Mwenzake Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar nchini Ethiopia, alichukua njia ya ukali. Katika Bush Mama, filamu yake ya tasnifu ya mwaka wa 1975, anamfuata Dorothy, mama wa Watts ambaye mwenzi wake aliyerudi kutoka vita vya Vietnam amefungwa kwa kosa asilolitenda, huku ofisi ya misaada ikimtaka atoe mimba ili asikatiwe posho. Sauti za ofisi, za redio na za barabarani zinagongana kichwani mwake hadi mtazamaji naye anakosa pa kupumulia. Ukutani kuna picha ya mwanamke wa Angola aliyebeba mtoto na bunduki, na macho ya Dorothy huirudia mara kwa mara. Mwanzoni mwa filamu wanaonekana polisi wakiwasimamisha na kuwapekua vijana Weusi. Polisi hao hawakuwa wakiigiza. Walikuwa wamewavamia Gerima na kikosi chake wakati wa kupiga picha, na kamera haikuzimwa. Mwaka uliofuata, katika Harvest: 3,000 Years, Gerima aliwarudia wakulima wa kwao Ethiopia na kuwaacha wasema Kiamhari.

Julie Dash naye alilileta swali la sauti. Katika filamu fupi ya Illusions ya mwaka wa 1982, mandhari ni Hollywood ya mwaka wa 1942. Mwimbaji Mweusi amekodiwa kuimba gizani ili sauti yake iwekwe katika midomo ya mwigizaji wa Kizungu anayeng'aa kwenye skrini. Anayesimamia kazi hiyo ni mwanamke Mweusi mwenye ngozi nyeupe kiasi kwamba wakubwa wake hawajamtambua. Kwa dakika zipatazo 34 tu, Dash aliieleza historia ya nusu karne: sauti inatakiwa, mwenye sauti hatakiwi.

Kisha mwaka wa 1991 akatoa Daughters of the Dust, yaani Mabinti wa Vumbi, filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani Mweusi kusambazwa kwa mapana katika kumbi za nchi hiyo. Inahusu ukoo wa Peazant mwaka wa 1902, katika visiwa vya mwambao wa kusini-mashariki mwa Marekani, siku moja kabla ya wengi wao kuhamia kaskazini. Bibi mkuu wa ukoo, Nana, ameyahifadhi katika kopo masalio ya waliotangulia, na hataki kwenda. Msimulizi mmojawapo ni mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kwa sehemu kubwa wahusika husema Kigullah, lugha ambayo Lorenzo Dow Turner, katika kitabu chake cha mwaka wa 1949, alionyesha kwamba imejaa maneno ya Kiafrika, yakiwamo ya lugha za Kibantu za Kongo na Angola. Lugha hiyo ilikuwa imedharauliwa kwa muda mrefu kama Kiingereza kibovu cha wasiosoma. Dash hakuitafsiri ili kumridhisha mtazamaji wa mjini. Alimtaka asikilize mpaka sikio lake lizoee. Msomi wa Kiswahili ambaye amewahi kuambiwa kwamba lugha yake ni ya sokoni tu ataelewa uzito wa uamuzi huo.

Hata mambo ya fasihi simulizi hayakusahauliwa. Katika To Sleep with Anger ya mwaka wa 1990, Burnett anamleta Harry, aliyeigizwa na Danny Glover, mgeni kutoka kusini anayebisha hodi nyumbani kwa marafiki wa kale mjini Los Angeles. Ni mcheshi, ana adabu, na kila anapokaa ndugu hugombana na wagonjwa huzidiwa. Aliyesoma ngano za kiayari atamtambua mara moja: ni yule mjanja ambaye katika masimulizi ya mwambao na bara huvaa manyoya ya sungura. Ufagio ukimgusa, hutetemeka. Imani ambazo wenyeji walidhani wameziacha mashambani kumbe zilisafiri nao katika mizigo.

Jamaa Fanaka alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa katika kundi hilo. Hakuichukia Hollywood, aliipenda na aliwania kuingia. Akiwa bado mwanafunzi aliongoza filamu ndefu tatu zilizofika katika kumbi za biashara: Welcome Home, Brother Charles ya mwaka wa 1975, Emma Mae ya mwaka wa 1976 na Penitentiary ya mwaka wa 1979, hadithi ya mwanamasumbwi gerezani ambayo ilipata mapato makubwa na kuzaa filamu mbili za kuendeleza kisa. Baadhi ya wenzake waliona kwamba mbinu zake zilikaribia mno zile za filamu za majambazi walizozikataa. Mjadala huo haukwisha. Lakini una manufaa, kwani unakumbusha kwamba jina la Kiafrika halimpi mtu msimamo mmoja wa sanaa, kama ambavyo kuandika kwa Kiswahili hakukifanyi kitabu kuwa cha kimapinduzi.

Jambo moja liliwaunganisha wote: walifanyiana kazi. Burnett aliandika mswada wa Bless Their Little Hearts ya Billy Woodberry ya mwaka wa 1984 na kushika kamera yake. Alikuwa mmojawapo wa wapiga picha wa Bush Mama. Kaycee Moore aliyekuwa mke wa Stan akawa pia mke katika filamu ya Woodberry, ambamo ugomvi wa mume na mke jikoni unaendelea kwa takriban dakika kumi bila kamera kukatizwa. Huu ndio ujima katika utendaji wake. Yamkini si wote waliosherehekea Kwanzaa, lakini neno hilo walilitekeleza kwa mikono.

Kwa nini basi walichelewa kuonekana? Hapa kisa cha Killer of Sheep kinatosha kuwa mfano. Filamu ilipata tuzo ya wahakiki mjini Berlin mwaka wa 1981, na mwaka wa 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama hazina ya taifa. Hata hivyo, haikuweza kusambazwa katika kumbi za biashara. Burnett alikuwa ameipamba kwa nyimbo za Paul Robeson, Dinah Washington na wengineo, historia nzima ya muziki wa watu wake, na wakati huo hakuwa amelipia haki za nyimbo hizo. Ada zilipolipwa hatimaye zilikuwa karibu dola 150,000, zaidi ya mara kumi ya gharama ya kuitengeneza filamu yenyewe. Hifadhi ya chuo iliufufua ukanda wake, na kampuni ya Milestone ikaisambaza mwaka wa 2007. Miaka 30 ilikuwa imepita. Watoto walioruka mapaa walikuwa sasa wazazi. Filamu ilipokuwa kabatini, Hollywood mpya ilinenepa na kugeuka kuwa kiwanda cha papa na vyombo vya anga, na ikaanza kuandaliwa sherehe za kukumbukwa.

Kuna uchungu mwingine ambao hauna budi kusemwa. Maonyesho ya mwaka wa 2011 yalifanyika Westwood, upande wa mji wenye neema, katika ukumbi mzuri wa chuo. Watts ipo upande mwingine. Wale ambao maisha yao yalipigwa picha hawakuwa majirani wa ukumbi huo. Hata jina la Uasi halikutoka kwa waasi. Lilibuniwa na mhakiki Clyde Taylor katikati ya miaka ya 1980, na baadhi ya waongozaji hawakulipenda. Ni kawaida ya taasisi kuukumbatia uasi ukishapoa. Anayekejeli atasema kwamba sherehe hizo ni rambirambi zilizochelewa.

Hoja hiyo ina nguvu, ila haitoshi. Waandalizi hawakuonyesha filamu tu. Walizitafuta nakala zilizokuwa zimetawanyika, walizirekebisha, na walikaa na waongozaji mmoja mmoja wakirekodi masimulizi yao kwa kirefu. Mwaka wa 2015 walitoa kitabu. Katika taaluma ya fasihi simulizi inajulikana vyema kwamba mtambaji akifa bila kurekodiwa, maktaba imeungua. Fanaka alifariki tarehe 1 Aprili mwaka wa 2012, miezi michache tu baada ya mfululizo kumalizika. Kama kazi hiyo ingeahirishwa kwa mwaka mmoja, sauti yake isingepatikana. Mwaka wa 2013 filamu ya Woodberry iliingizwa katika orodha ya hazina ya taifa. Mwaka wa 2016 Daughters of the Dust ilirudi kumbini ikiwa imesafishwa, na vijana wakaishangilia. Mwaka wa 2017 Burnett alitunukiwa Oscar ya heshima. Kuchelewa kuna hasara, lakini kuna kuchelewa kunakookoa na kuna kuchelewa kunakozika.

Somo kwa vyama vya Kiswahili vyuoni haliko mbali. Si lazima chama kingoje wafadhili ili kitambue kilicho chake. Wanafunzi wale hawakuwa na zaidi ya kamera za chuo, siku mbili za mwisho wa wiki na wenzao. Walichokataa ni kuamini kwamba mtaa wao haukufaa kutazamwa kwa makini, na kwamba lugha ya bibi zao haikufaa kusikika bila kuombewa radhi. Mtu mmoja miongoni mwao alikwenda mbali zaidi akaazima maneno mawili kutoka lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Hakuyafungamanisha kisarufi, labda kwa kutojua, labda kwa kuwa hakuona haja. Kati ya jamaa na fanaka aliacha pengo, na wale waliozaliwa na lugha hiyo vinywani mwao wanajua vizuri zaidi kuliko yeye ni kiungo gani kinachokosekana pale. Wanajua pia kwamba kulijua neno ni jambo jepesi kuliko kulitenda. Huo ndio mtihani uliobaki, na hautafanywa na watu wa Los Angeles.